Je, Kanisa lilipe kodi?



Katika toleo lililopita tuliahidi kuandika juu ya swali ambalo vijana waliliuliza kwenye mafundisho ya jioni: je, Kanisa lilipe kodi kwa serikali, au mali iliyotolewa kwa Mungu isiguswe? Swali hilo liliwagawa watu kuliko tulivyotazamia. Wazee kadhaa waliotoka Gitega walisema kodi ni jambo la Kaisari na Kanisa si duka. Mama mmoja wa Muyinga, ambaye kabla ya kukimbia alikuwa akiuza maharagwe, akajibu kwamba yeye alitozwa ushuru wa soko kila alipotandika gunia lake chini, hata siku ambayo hakuuza kikombe kimoja, na kwamba haoni sababu ya mwenye jengo la matofali na bati jipya kuachwa. Kila upande ulishika Biblia. Tuliomba, tukafunga mkutano, lakini mabishano yaliendelea kwenye foleni ya maji.

Wapo watakaosema kwamba swali hili si letu. Kanisa letu ni nguzo na turubai, sadaka yetu Jumapili ni vikombe vya unga na sarafu chache, ni kodi gani itakayotoka hapo? Hayo ni kweli. Lakini wengi wetu wamekwisha kurudi Burundi na wengine watarudi, na huko watakuwa wazee wa kanisa, watunza hazina, wasimamizi wa shule na zahanati. Wataulizwa. Tena mtu aliyekaa miaka mingi akila chakula alichonunuliwa na wengine ana jambo la kusema kuhusu kodi, kama tutakavyoona mbele.

Kwanza tuondoe mchanganyiko mmoja. Ndugu wengi wanataja Mathayo 17, pale Petro alipoulizwa kama Bwana wake hutoa nusu shekeli, kisha akaambiwa akavue samaki. Wanasema: mnaona, Yesu alilipa kodi. Wengine wanaitumia sura hiyo hiyo kusema kwamba wana ni huru. Lakini nusu shekeli ile haikuwa kodi ya Rumi. Ilikuwa mchango wa hekalu, ambao Wayahudi waliutoa kwa ajili ya nyumba ya Mungu. Kwa hiyo sura hiyo haituambii kama hekalu lenyewe lilipaswa kumlipa Kaisari. Dinari ya Mathayo 22 ndiyo ya Kaisari, na hapo aliyeulizwa ni mtu mmoja mmoja, si taasisi yenye majengo na magari. Barua kwa Warumi, sura ya 13, nayo inasema na waamini wanaoishi mjini chini ya watawala. Ukitaka mahali ambapo Biblia inasema waziwazi juu ya watumishi wa nyumba ya Mungu na kodi, inabidi uende kwa watu waliokuwa wakimbizi kama sisi.

Katika Ezra sura ya 7, mfalme Artashasta anawaruhusu Wayahudi kurudi Yerusalemu kutoka Babeli, na katika waraka wake, mstari wa 24, anakataza watu wasiwatoze kodi, wala ada, wala ushuru, makuhani, Walawi, waimbaji, mabawabu na watumishi wengine wa nyumba ya Mungu. Huo ni msamaha wa kodi kwa taasisi ya dini, na umeandikwa katika Maandiko. Ndugu wa Gitega wana haki ya kuutaja.

Lakini wasiishie hapo. Ezra alirudi katika mwaka wa 7 wa mfalme yule, Nehemia akaja katika mwaka wa 20. Ni miaka 13 tu baadaye, chini ya mfalme yule yule, na katika sura ya 5 ya Nehemia tunawakuta watu waliorudi wakilia. Wamekopa fedha ili kulipa kodi ya mfalme juu ya mashamba yao na mizabibu yao. Wana wao na binti zao wanatiwa utumwani kwa ajili ya madeni. Basi waliokuwa wakitumika hekaluni hawakutozwa, na jirani zao waliuza watoto. Nehemia hakufuta msamaha wa makuhani. Biblia haisemi hivyo. Alichofanya ni kuwakemea wakubwa waliokuwa wakikopesha kwa riba, kisha yeye mwenyewe, akiwa liwali, akakataa posho ya chakula cha liwali kwa miaka 12, kwa sababu utumishi ulikuwa umewalemea watu. Sisi tunaona kwamba sura hizi mbili zisomwe pamoja. Msamaha wa kuhani ni halali, lakini uko kijiji kimoja na mtu anayekopa ili alipe.

Kwetu Burundi jambo hili lina historia yake. Neno ikori wazee wanalisikia kwa namna tofauti na vijana. Wakati wa Wabelgiji kila mwanamume mzima alidaiwa kodi ya kichwa, na babu zetu wengi wa upande wa Muyinga walivuka mpaka kwenda Uganda na Tanganyika kutafuta fedha hiyo, wengine hawakurudi. Misheni zilikuwapo wakati huo. Mugera, katika nchi ya Gitega, ilifunguliwa mwaka 1899, kabla hata Wajerumani hawajajenga boma lao la Kitega mwaka 1912. Misheni zilipewa ardhi, zikajenga, zikafundisha kusoma, zikatibu. Hatuzilaumu kwa hayo, maana wengi wetu tulijifunza alfabeti humo. Tunasema tu kwamba katika kumbukumbu ya mtu wa mlimani, kodi ni ya mwenye jembe, na misheni iko upande wa pili wa barabara.

Na hata karibuni imekuwa hivyo. Kuanzia Desemba 2017 hadi mwaka 2019 wananchi wa Burundi walikusanywa mchango wa uchaguzi wa 2020: faranga 2,000 kwa mwaka kwa kila kaya ya wakulima. Uliitwa wa hiari. Shirika la Human Rights Watch liliandika mwaka 2019 jinsi watu walivyolazimishwa, na baadhi yetu tuliofika hapa miaka hiyo hatuhitaji kusoma ripoti. Mtu akisimama mimbarani kusema kwamba Kanisa lisilipe chochote, akumbuke waliokaa kwenye mabenchi wamelipa nini.

Sheria ya nchi inasemaje? Burundi ina sheria ya tarehe 31 Desemba 2014 inayopanga namna madhehebu ya dini yanavyoandikishwa na kuendeshwa. Msamaha wa jumla wa kodi kwa makanisa na misikiti haupo. Kilichopo ni msamaha juu ya vitu fulani: vifaa vya ibada na misaada iliyotolewa bure, na pia kwa baadhi ya shule zenye mapatano na serikali, vifaa vya kujengea au vya kufundishia. Kwa miaka mingi msamaha huo ulipatikana kwa kuuomba Wizara ya Fedha, ombi moja moja, mzigo mmoja mmoja.

Tuchukue mfano wa Kobero, mpakani, katika Muyinga (mkoa wa Muyinga, kwa wasiojua, tangu 2025 umeingizwa katika mkoa mpya wa Buhumuza). Malori ya kutoka Dar es Salaam hupita hapo. Tuseme katika foleni liko lori lenye dawa na vitanda vya hospitali ya misheni. Nyuma yake liko gari jipya la kiongozi wa kanisa, nalo limeandikwa jina la kanisa. Nyuma kabisa yuko mama mwenye marobota mawili ya mitumba. Karibu kila mtu tuliyemwuliza alikubali kwamba vitanda vipite bila kodi. Karibu kila mtu alikubali kwamba mama wa mitumba atatozwa. Juu ya gari ndipo watu walipoinamisha macho. Wengine walisema kiongozi anahitaji gari ili afike vijijini, na barabara zetu tunazijua. Wengine waliuliza Jumamosi gari hilo linakwenda wapi.

Tanzania ilipita katika jambo hili wazi kabisa, na kwa kuwa wengi wetu tumelelewa katika nchi hiyo, inafaa tulikumbuke. Juni 2009, katika bajeti ya 2009/2010, Waziri wa Fedha Mustafa Mkulo alipendekeza kufuta misamaha ya kodi waliyokuwa nayo mashirika ya dini na mengine yasiyo ya kiserikali. Sababu iliyotolewa ni kwamba misamaha ilikuwa ikitumiwa vibaya, kwamba vitu viliingizwa kwa jina la dini kisha vikageuka kuwa biashara ya mtu. Viongozi wa makanisa walipinga kwa nguvu. Walisema hospitali na shule zao zinawahudumia Watanzania wa dini zote, na kwamba kodi hiyo mwisho wake ingelipwa na mgonjwa. Serikali ikarudi nyuma.

Tukisema ukweli, pande zote mbili zilikuwa na hoja. Sisi tunaijua hospitali ya Kabanga pale Kasulu, ya Wakatoliki (si Kabanga ile ya mpakani Ngara), na Murgwanza kule Ngara, ya Waanglikana, ambayo ni hospitali teule ya wilaya. Wako watoto wa makazi haya waliozaliwa humo, na mama zao hawakuulizwa dhehebu. Ukitoza kodi kitanda cha Kabanga umemtoza mama mjamzito wa kambini. Hilo liko wazi. Lakini jibu la viongozi halikugusa shtaka la waziri. Waziri alisema vitu vinauzwa, wao wakajibu kwamba hospitali ni njema. Hospitali ni njema, na bado swali la nani aliuza gari liko pale pale. Njia ya haki ingekuwa makanisa yenyewe kutoa orodha: tumeingiza hiki, kiko hapa, njooni mtazame. Orodha ya namna hiyo ingemlinda yule mwema asichafuliwe na mwingine.

Tena Kanisa si kwamba halilipi tu; linapokea. Watu wengi hawalifikirii jambo hili. Kwetu Burundi shule nyingi za Kanisa ni shule za mapatano: Kanisa linasimamia, serikali inalipa mishahara ya walimu. Tangu Mei 2006 akina mama kujifungua na watoto chini ya miaka 5 kutibiwa ni bure, na vituo vya Kanisa vyenye mapatano hurudishiwa fedha na serikali. Kibimba ya Marafiki, Kibuye ya Wamethodisti Huru, Mutoyi ya Wakatoliki, zote katika Gitega, ni hospitali ambazo watu wetu wamezitegemea. Fedha za serikali zimetoka wapi? Misaada ya nje imo, lakini imo pia kodi, hasa tangu mwaka 2009 ilipoanzishwa Ofisi ya Mapato ya Burundi, OBR, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Yule mama wa mitumba wa Kobero amemlipa mwalimu wa shule ya misheni. Hii ndiyo sababu hatukubali usemi kwamba mali ya Kanisa haimhusu mtu wa nje. Mwislamu wa Muyinga, na wako wengi, naye analipia.

Sasa tufike kwenye hofu kubwa, ambayo ndiyo ilikuwa nyuma ya maneno ya wazee wa Gitega hata kama hawakuitaja. Wanasema: serikali ikipata mkono wa kuingia katika sanduku la sadaka, kesho itaingia mimbarani. Hofu hiyo haikutoka hewani. Wakati wa Rais Bagaza, aliyetawala kuanzia 1976 hadi 1987, wamisionari wengi walifukuzwa, seminari ndogo zilichukuliwa na serikali, na misa za siku za kazi zilikatazwa. Ilikuwa hivyo mpaka Buyoya alipotwaa madaraka Septemba 1987. Askofu Mkuu wa Gitega, Joachim Ruhuna, aliyepitia miaka hiyo yote, aliuawa Septemba 1996. Mtu aliyeona hayo akisikia kwamba wakaguzi wa serikali watafungua vitabu vya parokia, moyo wake unaruka, na hatuwezi kumwambia anaota.

Lakini tuangalie vizuri kamba iko wapi. Kodi inayotozwa kwa sheria, sawa kwa wote, na tarehe yake inajulikana, ni mzigo, lakini mtu akishailipa anasimama wima. Msamaha unaoombwa ofisini mzigo kwa mzigo ni kitu kingine. Leo ofisa anakubali, kesho anasema rudi wiki ijayo. Vitanda vya hospitali viko Kobero, kila siku ya kukaa ina gharama, na Jumapili mchungaji anatakiwa kuhubiri. Atahubiri nini? Hakuna aliyemkataza lolote. Atajikataza mwenyewe.

Kanisa la Burundi limewahi kusema kwa sauti. Mei 2015 maaskofu Wakatoliki waliwaondoa mapadre wao katika tume za uchaguzi. Mei 2020 baraza lao lilituma waangalizi 2,716, kisha Askofu wa Muyinga, Joachim Ntahondereye, aliyekuwa mwenyekiti wa baraza hilo, akatangaza dosari walizoziona, akauliza kama haziharibu matokeo. Mtu anaweza kukubaliana nao au asikubaliane, lakini sauti ile ilihitaji watu wasio na ombi linalosubiri sahihi mezani. Kwa hiyo sisi, tofauti na wazee wetu, tunaona kwamba kwa uhuru wa Kanisa msamaha wa kuombewa ni hatari zaidi kuliko kodi. Kama msamaha upo, uwe wa sheria, uandikwe kitu gani kinasamehewa, na apewe kila anayetimiza masharti, Mkatoliki, Mpentekoste, Mwislamu, bila kumjua mtu.

Kuna ndugu aliyekwenda mbali zaidi. Alisema: serikali iliyotufukuza, kwa nini Kanisa liipe hata faranga moja ya kununulia risasi? Chumba kilinyamaza aliposema hivyo. Katika makazi haya wako walioondoka 1993, wako walioondoka 2015, na wako wana wa wale wa 1972. Hatuna jibu jepesi. Tunachoona ni kwamba hoja hiyo, kama ni ya kweli, ni ya kila mtu. Haiwezi kumwachilia askofu na kumwacha mkulima. Kama kodi ni dhambi kwa sababu ya risasi, basi mama wa maharagwe naye asilipe, na Kanisa lisimame mbele yake atakapokamatwa. Ukiona hoja inamwokoa mwenye kanzu tu, ichunguze. Paulo aliandika Warumi chini ya Nero, na alijua Rumi inanunua nini kwa kodi. Hata hivyo faranga ile ile inanunua pia chanjo na kumlipa mwalimu, na mlipaji hawezi kuchagua moja aache nyingine.

Tuje kwenye biashara, maana hapa maneno ni machache. Tuseme parokia ina mashine ya kusaga karibu na soko la Muyinga, na hatua hamsini kutoka hapo mjane naye ana mashine yake. Mjane analipa kodi, parokia hailipi. Parokia inaweza kushusha bei, na mjane atafunga. Halafu Jumapili tutamwombea mjane. Nyumba za wageni, kumbi za arusi, maduka, majengo ya kupangisha: hayo yalipe kama ya jirani, hata kama faida inakwenda kwa yatima. Faida ya mjane nayo inakwenda kwa yatima wake. Ulaya nao wamekuta jambo hilo hilo. Mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba Italia haikupaswa kuachilia tu kodi ya majengo ambayo mashirika ya Kanisa na mengine yalisamehewa juu ya majengo ya biashara kati ya 2006 na 2011. Kanisa la Italia halikufa kwa uamuzi huo.

Kuna madhara mengine ya msamaha mpana, nayo ni ya zamani. Kuanzia mwaka 313 Kaisari Konstantino aliwaondolea makasisi mizigo ya utumishi wa mji. Haikupita miaka mingi akalazimika kutoa sheria kuwazuia matajiri wasikimbilie ukasisi, kwa kuwa walikuwa wakiingia si kwa wito bali kwa kukwepa mizigo ile. Tunajua namna makanisa yanavyozaliwa siku hizi, yakiwa na jina refu na mwenyekiti mmoja ambaye mkewe ndiye mtunza hazina. Rwanda ilifunga maelfu ya nyumba za ibada kuanzia 2018, na mwaka 2024 Rais Kagame akasema mapato ya makanisa yatozwe kodi. Hatupendi kufuli milangoni mwa makanisa, na wengi waliofungiwa walikuwa maskini wasio na hatia ila choo kibovu na ukuta usiokamilika. Lakini waliolileta jambo hilo ni wale waliogeuza sadaka kuwa mshahara usiojulikana kiasi.

Basi hukumu yetu, tunaoandika jarida hili, ni hii, na si neno la mkutano wote. Sadaka iwekwayo sahanini isitozwe: aliyeitoa amekwisha kutozwa alipoipata, na haikupatikana kwa kuuza kitu. Nyumba ya ibada isitozwe, wala dawa, wala kitabu cha shule. Biashara itozwe. Mshahara wa mchungaji ukatwe kama wa mwalimu, maana yeye naye hupita barabara ile ile na wanawe husoma shule ile ile. Na kile kinachosamehewa kiandikwe, kisomwe mbele ya watu, si mbele ya waumini peke yao, bali mahali ambapo hata jirani asiyesali nasi anaweza kukiona, kwa kuwa yeye ndiye anayejaza pengo tuliloliacha.

Wengine watauliza tumepata wapi ujasiri wa kudai hesabu kwa wengine, sisi tusiolipa kodi yoyote. Tumeupata kwenye gunia. Unga na mafuta tunayogawiwa yamenunuliwa kwa kodi za watu tusiowajua, wa Marekani, Japani, Ujerumani. Miongoni mwao wako wajane na wauza duka. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipopunguza sana misaada yake ya nje, mgao ulipungua katika makambi mengi ya Afrika Mashariki, na sisi sote tulijifunza upya kwamba nyuma ya gunia kuna mlipaji, na mlipaji ana mdomo. Wanaotuletea chakula hutuhesabu, hutupiga picha, hutuchukua alama za vidole, na tunalalamika, mara nyingine kwa haki. Lakini ikiwa mkimbizi mwenye kilo chache za unga anahesabiwa, haieleweki kwa nini taasisi yenye malori isihesabiwe. Ndugu zetu wa 1972 waliokaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walilima, wakauza, wakalipa kodi katika nchi ya ugeni kabla Tanzania haijawapa uraia zaidi ya 160,000 wao. Waulizeni kama walijiona wamepungukiwa kwa kulipa. Wengi wao wanahesabu miaka ile kwa fahari.

Liko jambo ambalo hatukuligusa kwa kuwa lingehitaji jarida zima, nalo ni mashamba ya misheni na mashamba ya waliorudi, ambayo tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 ilihangaika nayo. Mzee mmoja wa Gitega ameahidi kutuandikia juu ya hilo.

Kuhusu hazina yetu wenyewe: hesabu ya sadaka ya miezi mitatu, unga kwa vikombe na fedha kwa shilingi, imebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa mashariki, upande wa nje, ambako hata wanaopita kwenda kuteka maji wanaweza kuisoma. Mwenye kuona tarakimu isiyoeleweka amwone katibu. Wenye maoni tofauti na haya, hasa ndugu wa Gitega, waandike ukurasa mmoja na kumpa katibu kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi, nasi tutauchapa kama ulivyo.